Dar es Salaam: Kiswahili humfungulia mgeni mlango, hakimpangii makazi

Mabasi na malori yanayotoka Burundi kuelekea Dar es Salaam hubeba watu wa kila aina. Wamo wafanyabiashara wanaokwenda kununua vitenge, viatu, vipuri na vifaa vya umeme, wagonjwa wanaofuata matibabu, wanafunzi, na vijana waliosikia kwamba huko kuna maisha. Wengi wao, hasa wale wa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, huondoka wakiamini kwamba hawaendi ugenini hasa. Wanaielewa lugha, wanazijua nyimbo, na pengine wana shangazi au binamu aliyetangulia.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Mgeni anayezungumza Kiswahili huuliza njia bila mkalimani, hupatana bei mwenyewe na husoma mkataba kwa macho yake. Hata hivyo, wenyeji wameipa nchi yao, na jiji lao hasa, jina la Bongo, wakimaanisha kwamba anayeishi huko huishi kwa kutumia ubongo. Hasara zinazowapata wageni mara nyingi hazitokani na kutoijua lugha. Hutokana na kutojua jinsi jiji lilivyopangika, jinsi nyumba zinavyokodishwa, na mipaka ambayo sheria imemwekea mtu asiye raia.

Jiji lililotanuka kufuata barabara

Dar es Salaam ilianza kama mji mdogo wa pwani katika miaka ya 1860, pale Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na bandari ikawa moyo wa mji. Leo serikali imehamia Dodoma, lakini bandari, biashara na viwanda vimebaki. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Mkoa huo umegawanyika katika wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Kinachomchanganya mgeni zaidi ya wingi wa watu ni umbo la jiji lenyewe. Kitovu chake kiko ufukweni, kando ya bandari, wala si katikati ya makazi. Kutoka hapo barabara kuu nne zimetawanyika kama vidole vya mkono. Barabara ya Bagamoyo inakwenda kaskazini kupitia Mwenge na Tegeta hadi Bunju. Barabara ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara hadi Mbezi. Barabara ya Nyerere inapita Tazara na uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto. Barabara ya Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Barabara ya Mandela inaziunganisha baadhi ya hizo kutoka Ubungo hadi bandarini, nayo ndiyo inayobeba malori mengi ya mizigo, yakiwemo yale yanayokuja Burundi.

Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Asubuhi umati mkubwa unaelekea upande mmoja, na jioni umati huohuo unarudi. Anayeishi kwenye kidole kimoja na kufanya kazi kwenye kingine hulazimika aghalabu kuingia karibu na kitovu kisha kutoka tena. Ndiyo maana mwenyeji akiulizwa umbali wa mahali hatoi jibu la kilomita. Hujibu kwa muda, na huuliza kwanza, "Unataka kwenda saa ngapi?" Safari ya nusu saa mchana wa Jumapili inaweza kumeza saa mbili jioni ya Ijumaa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mgeni, kabla ya bei ya nyumba na kabla ya kazi yenyewe, ni kuchagua kidole atakachoishi. Aliyekuja kwa siku nne kununua bidhaa Kariakoo hupata faida akilala nyumba ya wageni iliyo Kariakoo kwenyewe, Ilala au Magomeni, hata kama chumba kina bei ya juu kidogo kuliko cha Mbagala au Tegeta. Atakachookoa kwenye chumba cha mbali atakilipa kwenye nauli, na siku nzima ya manunuzi itapotelea kwenye foleni.

Siku ya kufika

Msafiri wa nchi kavu anayepitia Kobero na Kabanga hukutana na mabadiliko mawili mara avukapo mpaka. La kwanza ni saa. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja, na asiyeisogeza saa yake huachwa na basi. Aidha, tiketi inaweza kuandikwa kwa saa za kimataifa huku karani akitaja kwa mdomo saa za Kiswahili: 06:00 iliyochapwa na "saa kumi na mbili asubuhi" iliyotamkwa ni wakati mmoja.

La pili ni upande wa barabara. Nchini Burundi magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Jambo hili husahaulika haraka kwa sababu abiria hayuko kwenye usukani, lakini humhusu zaidi anayetembea kwa miguu. Aliyezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka anapaswa kuanza na kulia, na mbele ya bodaboda ni heri kutazama pande zote mbili hata pale barabara ilipo ya upande mmoja.

Mabasi ya mikoani huishia katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Aliyewahi kufika zamani na kushuka Ubungo atambue kwamba kituo kipya kiko mbali zaidi na katikati ya jiji, na kwamba kutoka hapo bado kuna safari nyingine kamili. Tangu serikali ya Tanzania iliporuhusu tena safari za usiku mwaka 2023, basi linaweza kufika saa yoyote. Anayefika usiku wa manane akiwa na mizigo au fedha hana haja ya kuharakisha. Ni salama zaidi kusubiri ndani ya kituo hadi kupambazuke kuliko kuingia katika gari la mtu asiyejulikana, lile ambalo wenyeji huliita teksi bubu.

Wapo pia wanaotumia reli. Treni ya zamani ya Reli ya Kati huunganisha Kigoma na Dar es Salaam, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Treni hiyo mpya bado haijafika mpakani, lakini msafiri anayekuja kwa basi anaweza kushuka Dodoma na kumalizia safari kwa reli. Stesheni yake kuu ya Dar es Salaam iko karibu na katikati ya jiji, hivyo anayeshukia hapo huepuka foleni ya kuingia kutoka Mbezi.

Mgeni anayepokelewa na ndugu amwombe mambo mawili kabla hajaondoka nyumbani: jina la kituo cha daladala kilicho karibu, na alama inayojulikana na watu wa hapo, kama vile msikiti, kanisa, shule au kituo cha mafuta. Jina la mtaa peke yake halitoshi. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yalijengwa kabla ya kupimwa, na nyumba hutafutwa kwa kuuliza.

Daladala, mwendokasi na pantoni

Usafiri wa watu wengi ni daladala, mabasi madogo na ya kati yaliyoandikwa mbele mwanzo na mwisho wa njia yake. Maandishi hayo ndiyo ya kusomwa, kwa kuwa konda hutaja kwa sauti vituo vya njiani kwa ufupisho ambao mgeni hatauelewa siku ya kwanza. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, nayo haipatanwi. Abiria awe na fedha ndogondogo, aulize kabla ya kupanda kama gari linafika mwisho wa njia yake, maana jioni baadhi ya magari hukatisha safari, na amwambie konda mapema mahali anaposhuka.

Tangu mwaka 2016 yapo pia mabasi ya mwendokasi, yanayopita katika njia yake pekee. Njia ya kwanza inatoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni na Gerezani, pamoja na tawi la Morocco, na ujenzi wa awamu nyingine umefika Barabara ya Kilwa upande wa Mbagala. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Kwa mgeni, faida ya mwendokasi ni kwamba basi halikwami katika foleni ya magari mengine, na vituo vinajulikana. Kasoro yake ni msongamano wa asubuhi na jioni, wakati ambapo mwenye mzigo mkubwa hana nafasi na mwenye simu mfuko wa nyuma huenda asiikute anaposhuka.

Bodaboda na bajaji huingia pale daladala zisipofika. Bei hupatanwa kabla ya kupanda, si baada ya kufika. Wenye simu janja hutumia programu za kuitia usafiri, ambazo huonyesha bei na namba ya gari mapema, na hivyo humwondolea mgeni mzigo wa kupatana.

Kigamboni, iliyo ng'ambo ya mlango wa bandari, hufikiwa kwa pantoni kutoka Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Viwanja na nyumba za huko huwavutia wengi kwa utulivu wake, lakini anayefanya kazi mjini ajumlishe muda wa kusubiri kuvuka, asubuhi na jioni, kabla ya kusema kwamba amepata nyumba ya bei nafuu.

Nyumba: fedha hutoka kabla ya usingizi

Hapa ndipo wageni wengi wanaohamia hupoteza akiba yao. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wachache hukubali miezi mitatu. Juu ya kodi hiyo huja malipo ya dalali, ambayo kwa desturi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, na baadhi ya madalali hudai pia fedha ya kumpeleka mteja kuona nyumba, hata kama hakuipenda. Kijana aliyefika na fedha za kujikimu miezi mitatu anaweza kujikuta zote zimekwisha siku anayokabidhiwa ufunguo.

Zipo njia za kujilinda. Ya kwanza ni kutolipa kodi kwa dalali. Kodi hulipwa kwa mwenye nyumba, mbele ya shahidi, kwa mkataba wa maandishi unaotaja majina, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na masharti ya kutoka. Ya pili ni kuzungumza na wapangaji wengine wa nyumba hiyo pasipo dalali kuwepo. Wao ndio watakaosema kama maji yanatoka, kama bomba lina maji ya mamlaka au ya kisima chenye chumvi, na kama mita ya umeme ya LUKU ni ya chumba kimoja au ya nyumba nzima. Mita ikiwa ya nyumba nzima, kila mwezi kutakuwa na mjadala wa nani ametumia pasi na nani ana friji.

Ya tatu ni kuitazama nyumba kwa jicho la mvua. Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mto Msimbazi na vijito vyake hukatiza katikati ya makazi, na bonde la Jangwani limefurika mara nyingi, likikata Barabara ya Morogoro na kuyasimamisha mabasi ya mwendokasi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kadhaa, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, nje kabisa ya mji. Nyumba ya bondeni inayokodishwa Agosti kwa bei ya kushangaza inaweza kuwa ndiyo ileile inayohamwa kila Aprili. Alama ya maji ukutani, ngazi iliyoinuliwa mlangoni na mifuko ya mchanga nyuma ya nyumba husema zaidi ya dalali.

Kwa sababu hizo zote, wenyeji humshauri mgeni asikodi nyumba wiki ya kwanza. Ni afadhali kukaa kwa ndugu au katika nyumba ya wageni kwa wiki mbili au tatu, kwenda kazini na kurudi kwa njia anayotarajia kuitumia, kisha ndipo afanye uamuzi utakaomfunga kwa mwaka.

Serikali ya mtaa na muhuri wa pasipoti

Mrundi aliyezoea kutaja komini, zoni na kartiye atakuta Dar es Salaam mpangilio wa wilaya, kata na mtaa. Ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi ni serikali ya mtaa, yenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Ofisi hiyo ndiyo inayotoa barua ya utambulisho inayohitajika katika shughuli nyingi, kuanzia kufungua akaunti ya benki hadi kumdhamini mtu polisi. Mpangaji mpya anayekwenda kujitambulisha mwenyewe, akiwa na mkataba wake na hati yake ya kusafiria, huanza maisha yake hapo akiwa mtu anayejulikana. Anayejificha huanza akiwa mtu anayeshukiwa, na siku mtaa unapoibiwa jina lake ndilo litakalotajwa kwanza.

Uraia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humwondolea Mrundi ada ya viza, lakini haumpi haki ya kukaa apendavyo wala kufanya kazi apendayo. Muhuri unaogongwa mpakani una idadi ya siku, na siku hizo ndizo za kuhesabu. Anayetaka kubaki huhitaji kibali cha ukaazi, ambacho kina madaraja matatu: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa wengine kama wanafunzi na watafiti. Anayefanya kazi huhitaji pia kibali cha kazi kutoka mamlaka ya kazi. Mwenye hadhi ya ukimbizi katika kambi za Kigoma yuko chini ya sheria nyingine kabisa, wala haruhusiwi kutoka kambini bila kibali.

Jambo la kuzingatiwa zaidi kwa sasa ni amri iliyotolewa Julai 2025 na Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, iliyoorodhesha aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Miongoni mwake ni biashara ya duka la rejareja na jumla, isipokuwa maduka makubwa maalumu, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo, pamoja na kufutiwa kibali, na raia anayemsaidia mgeni kuivunja amri hiyo naye huadhibiwa.

Maana yake kwa msikilizaji wa Burundi ni hii: kibanda cha fedha za simu au saluni ya kunyoa, kazi ambazo vijana wengi walizitumia kuanzia maisha mjini, leo zinaweza kumfikisha mahakamani. Kutumia jina la rafiki Mtanzania kama kivuli hakuondoi hatari hiyo, na huongeza nyingine, kwa kuwa siku rafiki akigeuka, mali yote kisheria ni yake. Kununua bidhaa kama mteja na kuzisafirisha nyumbani si jambo lililokatazwa. Mwenye nia ya kufungua biashara aulize kwanza kwa maofisa wa biashara na uhamiaji, au katika ubalozi wa nchi yake, kabla ya kulipa kodi ya fremu.

Kariakoo na fedha mfukoni

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo eneo hilo ni soko la ukanda mzima. Wanunuzi hutoka Kongo, Zambia, Malawi, Komoro, Rwanda na Burundi. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini biashara kubwa iko katika maduka ya mitaa inayolizunguka: Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe, Sikukuu na mingineyo. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, tukio lililowakumbusha wote kwamba wingi wa bidhaa umezidi uwezo wa baadhi ya majengo.

Mnunuzi mgeni hufaidika akitumia siku ya kwanza kutembea na kuuliza bei bila kununua. Duka la ghorofani au la ndani ya jengo mara nyingi huuza kwa bei ya chini kuliko la barabarani, na bei ya jumla hubadilika kulingana na idadi. Kila ununuzi uwe na risiti ya mashine ya EFD. Sheria humbana muuzaji asiyeitoa na pia mnunuzi asiyeidai, na mzigo usio na risiti halali unaweza kuzuiwa njiani au mpakani. Risiti iandikwe kiasi kilicholipwa hasa, kwani ile iliyopunguzwa "ili kusaidiana" humwacha mnunuzi bila ushahidi bidhaa zikipotea.

Kuhusu fedha, tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye dola azibadilishe benki au katika duka la fedha lenye leseni na kuhifadhi stakabadhi. Asitarajie kwamba kila duka la fedha litapokea faranga za Burundi, wala asikubali kubadilisha na mtu wa kando ya barabara, hata akitoa kiwango cha kuvutia. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na kwa laini hiyo mgeni anaweza kutumia huduma za fedha za simu badala ya kutembea na bunda la noti.

Matapeli wa simu wana mbinu ambayo kila mwenyeji anaijua: ujumbe unaoomba fedha zitumwe kwenye namba nyingine, ukiandikwa kana kwamba unatoka kwa mtu mliyekwisha kuzungumza. Mgeni anayesubiri kulipa kodi au mzigo ndiye windo rahisi. Dawa yake ni kumpigia anayemdai kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, na kusikia sauti yake, kabla ya kutuma chochote.

Lugha ileile, adabu yake

Kiswahili cha Bujumbura hueleweka Dar es Salaam, japo maneno yenye asili ya Kifaransa humtambulisha msemaji mara moja. Hakuna aibu katika hilo, na hakuna haja ya kuigiza lafudhi ya Kariakoo. Kinachopimwa ni adabu. Mtu mzima husalimiwa "Shikamoo" kabla ya kuulizwa lolote, naye hujibu "Marahaba." Mwanamke wa makamo ni mama, mwanamume wa rika la mgeni ni kaka, binti wa dukani ni dada. Anayemwendea mwenyekiti wa mtaa, karani au askari na kuanza na haja yake bila salamu huonekana mkorofi, na jambo lake linaweza kusogezwa hadi kesho.

Wanaohama na watoto wazingatie jambo moja zaidi la lugha. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa ataingia darasa la Kiswahili bila shida kubwa ikiwa lugha hiyo ni ya nyumbani kwao, lakini anayeingia moja kwa moja sekondari atahitaji muda na msaada. Wazazi wengi huona ni busara kumwacha mtoto amalize mwaka wake wa shule nyumbani, kisha kuhama mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa Tanzania, unaoanza Januari.

Dar es Salaam haimfukuzi mgeni. Sehemu kubwa ya wakazi wake walitoka mahali pengine, Kigoma, Mtwara, Kilimanjaro, Mwanza, na kila mmoja alipotea njia siku zake za kwanza. Tofauti ya Mrundi na hao ni kwamba wao wakikosea hupoteza nauli na muda, ilhali yeye anaweza kupoteza mtaji na haki ya kubaki. Kwa hiyo hesabu yake ianzie nyumbani kabla ya tiketi: siku ngapi muhuri utaruhusu, kazi gani sheria inaikubali, kodi ya miezi mingapi anayo mkononi, na ni nani atakayempokea Mbezi basi litakapofika.